Mbona Leo Hakuja? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Wenye Kifafa Wanaoishi Katika Nyumba za Matunzo

Barua zilizofika katika safu hii mwezi huu ni nyingi, lakini nne kati yake, tatu kutoka Pemba na moja kutoka Unguja, zinazungumzia jambo moja, kwa hiyo nimeona nizijibu pamoja na kuziacha nyingine kwa toleo lijalo. Majina ya waandishi, ya wagonjwa na ya nyumba zenyewe nimeyaondoa. Majibu haya yanatokana na miaka niliyofanya kazi ya uuguzi katika kliniki za maradhi ya akili na kifafa kisiwani Pemba, na hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wako.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mlezi katika nyumba ya matunzo hapa Pemba. Tuna wakaazi 19, na wanne kati yao wana kifafa. Wakaazi wengine hutoka, huenda sokoni, msikitini na kwenye maulidi, na hualikwa arusini. Hawa wanne hawatoki. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo, lakini kila mmoja wao anapoomba kutoka, aliye zamu humjibu, "Wewe kaa, usije ukaanguka njiani tukaulizwa sisi." Mwaka jana nilimchukua kijana mmoja wao tukaenda kusali Ijumaa, akaanguka uani pa msikiti. Hakuumia, ila watu walikimbia, na tuliporudi nilikaripiwa mbele ya wakaazi. Tangu siku hiyo kijana hajatoka, nami naona haya kumtazama usoni. Je, nilikosea? Na nitaanzaje tena? — Mlezi, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumpeleka msikitini hukukosea. Ulichokosea ni kumpeleka mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyejua la kufanya isipokuwa wewe, na hilo hurekebishika kwa mazungumzo ya jioni mbili tatu.

Kabla ya kufika mlangoni, nianze na kabati la dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangechunguzwa ipasavyo na kupata dawa zinazowafaa. Kwa hiyo mkaazi anayeanguka kila wiki asichukuliwe kuwa hivyo ndivyo alivyoandikiwa. Uliza kama dozi anayopewa ni ya mtu mzima wa leo au ni ile aliyoandikiwa alipokuwa bado mtoto. Uliza pia ni siku ngapi katika mwaka dawa zilikwisha na mtu akaambiwa asubiri. Nimewahi kuona wakaazi wanaosemwa kuwa wana kifafa kisichosikia dawa, kumbe dawa zenyewe walikuwa wakizipata kwa kuruka wiki. Fenobabitali, ambayo ni dawa ya kifafa, ikikatizwa ghafla, kukatizwa huko peke yake kunaweza kumletea mtu mianguko mfululizo isiyokatika, na hiyo ni hatari ya roho.

Fungueni daftari. Kila tukio liandikwe kwa tarehe na saa, alichokuwa akifanya, muda lililochukua, na kama usiku uliotangulia alilala na dawa alikunywa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litawaonyesha mambo ambayo daktari hawezi kuyaona katika dakika chache za kliniki: kwamba huyu huanguka alfajiri tu anapoamka, kwamba yule huanguka siku ya pili baada ya kukosa usingizi, na kwamba wa tatu hajaanguka tangu maulidi ya Mfunguo Sita, na hakuna sababu yoyote ya kumzuia asiende sokoni.

Maneno "tukaulizwa sisi" nayaelewa vizuri, maana niliwahi kuyasema mwenyewe nikiwa zamu. Mlezi hulaumiwa mtu akiumia nje. Hakuna anayemlaumu kwa mtu aliyekaa ndani miaka kumi hadi akasahau njia ya kwenda kwao. Ndiyo maana uamuzi huu usiachwe mikononi mwa aliye zamu. Kila mkaazi mwenye kifafa awe na karatasi yake, iliyokubaliwa na yeye mwenyewe kwanza, kisha na familia, mkuu wa nyumba na mhudumu wa kliniki, ikieleza anakwenda wapi, saa ngapi na nani, anaepuka nini, na akianguka nani afanye nini. Akianguka hali karatasi imefuatwa, hakuna aliyekosa. Ameanguka tu, kama ambavyo angeanguka ukumbini kwenu, ambako sakafu ni saruji.

Sasa tuje uani pa msikiti. Nenda kwa imamu siku isiyokuwa Ijumaa, na umchukue kijana mwenyewe ili asizungumziwe nyuma ya mgongo wake. Kisha kaeni na wazee wanaobarizi nje, maana wao ndio wanaomwona kila apitaye. Waonyesheni kwa vitendo, wewe mwenyewe ukilala chini. Mtu akianguka, tazama saa. Ondoa kilicho kigumu au chenye moto karibu yake, mwekee kitu laini chini ya kichwa, hata kofia au kikoi kilichokunjwa, na umlegeze kola. Usimkandamize mikono wala miguu, na usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Mtikisiko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke nje, kisha ukae naye hadi ajitambue, na umwambie kwa sauti ya chini yuko wapi na nini kimetokea. Mara nyingi mtikisiko hukatika wenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, hapo itafutwe gari ya kumpeleka hospitali. Nimekitaja kijiko makusudi, kwa sababu nimeona meno yaliyovunjwa na kijiko kilichotiwa mdomoni na mama mzazi.

Kuna jambo jingine la kuzungumza na wazee hao, nao watalijua kuliko mimi. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akataka aombewe. Alipoelezwa kwamba akisubiri malipo yake ni Pepo, alikhiari kusubiri, lakini akataka aombewe asifunuke nguo anapoanguka, naye akaombewa. Mimi humfikiria mwanamke huyo kwa jicho la muuguzi. Hakutaka kufichwa ndani. Alikuwa akionekana na akijulikana, kiasi ambacho Ibn Abbas aliweza kumwonyesha mwanafunzi wake kuwa ndiye huyu. Alichokihofia ni kuvunjiwa heshima mbele ya watu. Kwa hiyo mlezi anayetoka na mkaazi mwenye kifafa awe na kanga moja katika mkoba wake.

Mkuu wako wa nyumba pengine ataona kwamba nyumba ikiwa safi, na chakula na dawa zipo, basi wajibu umetimia. Mwambie kwa adabu kwamba wengine walipita njia hiyo kabla yetu. Karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani, nyumba ya Bethel ilianza kupokea wenye kifafa mwaka 1867, na Uingereza makaazi ya Chalfont yalifunguliwa mwaka 1894 kwa watu ambao hakuna tajiri aliyetaka kuwapa kazi. Nia ilikuwa njema na watu walitunzwa, lakini walitunzwa mbali na mji, na aliyeingia akiwa kijana aliweza kuzeekea humo humo.

Tena nakuomba usiishie kwenye ruhusa ya kutoka. Mkaazi anayetembezwa sokoni mara moja kwa mwezi, walezi wawili ubavuni, kisha akarudishwa, bado ni mgeni katika mji wake. Mtafutie mahali ambapo asipofika ataulizwa.

Miaka iliyopita, msimu wa karafuu, kulikuwa na mama mmoja mwenye kifafa katika nyumba ya matunzo niliyokuwa nikiitembelea. Mkarafuu hakuweza kupanda, na hakuna aliyemtaka apande, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi, na jirani akamwomba awe anakuja jioni kuchambua. Nilimkuta siku moja amekaa juu ya jamvi pamoja na wanawake sita, kila mmoja na pakacha lake. Alikuwa akishika kishada cha karafuu kwa mkono mmoja, akikisokota katika kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikianguka huku na makonyo kule, bila ya kutazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mwenziwe aliyekuwa akisimulia. Niliambiwa kwamba alikwisha kuanguka pale mara mbili. Walisogeza taa ya chemli, wakamlaza ubavu, wakamfunika kanga, na mmoja akalishika fungu lake akaendelea kulichambua ili pishi zake zisipungue, maana naye alilipwa kwa pishi kama wenziwe. Jioni moja alishikwa na homa, hakwenda. Kabla ya Isha mtoto alikuwa ameshatumwa mlangoni: "Nimetumwa niulize, mbona leo hakuja?"

Kwa kijana wako, muulize mwenyewe anapenda nini. Pengine ni kutandika mikeka ya msikiti Alkhamisi jioni, kazi ya nusu saa, watu wachache, hakuna moto wala ngazi. Anza hapo, na Ijumaa itafuata.

SWALI: Bibi, mimi mwenyewe ndiye mwenye kifafa. Nina miaka 34, na nimewekwa katika nyumba ya matunzo tangu mama alipofariki. Kabla ya hapo nilikuwa nikivua. Sasa huanguka mara moja katika miezi miwili au mitatu. Nataka kufunga Ramadhani na kusali taraweh na wenzangu, na nataka kurudi baharini. Vyote viwili naambiwa haiwezekani. — Msomaji, Pemba

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili ambayo majibu yake ni mbalimbali, na inaniuma kwamba umejibiwa kwa neno moja.

Si kila mwenye kifafa huzuiwa kufunga. Inategemea dawa unayokunywa na utulivu wa hali yako. Fenobabitali hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kwa kawaida hunywewa mara moja, usiku, na saa hiyo haigongani na saumu. Kabamazepini hunywewa mara mbili au zaidi kwa siku, kwa hiyo daktari ndiye atakayeangalia kama futari na daku zinatosha. Nenda kliniki mwezi wa Rajabu, usingoje mwezi uandame, na usipunguze wala usisogeze dozi kwa rai yako. Katika Ramadhani nilizofanya kazi, walioletwa kliniki wengi wao hawakuwa wameangushwa na njaa bali na usingizi: taraweh, kisha barza hadi usiku wa manane, kisha kuamshwa kula daku. Wewe sali taraweh na wenzako, kisha rudi ulale. Daktari akikwambia usifunge, mgonjwa ana ruhusa katika dini, na mambo ya kulipa au fidia sheikh wako atakufafanulia. Lakini asiyefunga kwa maradhi hafukuzwi kwenye futari. Waombe walezi mkafuturu barzani kwa majirani, na nyumba yenu nayo itoe sahani yake.

Bahari ni jambo jingine, na hapa sitakuficha. Madhali bado unaanguka, usitoke na ngarawa, usizamie, na usioge baharini peke yako. Aangukaye nchi kavu mara nyingi huamka na michubuko. Aangukaye majini, hata maji ya magotini, anaweza kuipoteza roho wenzake wakiwa hatua chache tu. Ukipata dawa inayokutuliza, ukakaa muda mrefu bila ya kuanguka, daktari atalitazama upya.

Ila uvuvi una kazi nyingi za nchi kavu. Dikoni kuna kushona nyavu, kusuka madema, kupokea vyombo vinapoingia na kusimamia samaki wanaopelekwa mnadani, na wewe unayejua bamvua na maji mafu tangu utotoni una la kuwafunza vijana. Mwombe mlezi mwende pamoja kwa mkuu wa diko, mumweleze ukweli wote, pamoja na la kufanya ukianguka. Kaa upande wa kivulini, mbali na ukingo wa maji, na uwe na mwenzako mmoja anayejua. Waambie walezi wako kwamba unataka ujira, hata ukiwa samaki wa kitoweo, ili jioni uingie nyumbani umebeba kitu mkononi.

SWALI: Bi, kaka yangu ana kifafa tangu alipougua malaria kali akiwa na miaka 5, na sasa anaishi katika nyumba ya matunzo. Watu tumekuwa tukiwaambia yuko Arabuni. Binti yangu anaolewa baada ya miezi miwili, na ninataka mjomba wake awepo. Wazee wanasema akianguka arusini, upande wa bwana arusi watasema maradhi yamo katika damu yetu. — Mama wa bibi arusi, Unguja

JIBU: Dada yangu, mlete.

Kifafa kina sababu nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, kiharusi, na mara nyingi sababu haijulikani. Kwa ulivyoeleza, malaria ile ndiyo inayoelekea kuwa chanzo cha maradhi ya kaka yako, na kovu lililoachwa na malaria katika ubongo wa mjomba halimfikii mpwa. Hata pale ambapo urithi una mchango, watoto wengi wa wenye kifafa hawakipati. Waambieni hivyo upande wa bwana arusi mapema, wakati wa mazungumzo ya wazee, kwa kauli ya utulivu. Jambo hilo likigunduliwa siku ya arusi litawapa shaka zaidi kuliko mlivyolisema wenyewe. Na hilo la Arabuni, mlitengue kwa watu wazima wawili watatu wa ukoo kwanza, ili asije akasimama mbele ya watu akiulizwa habari za Maskati.

Mchukueni siku mbili kabla, alale vizuri, na dawa zake azishike mtu mmoja mnayemwamini, wa kumpa saa ile ile anayopewa kule. Asikae karibu na mafiga ya pilau. Taa za kumeta huwadhuru wachache tu, takriban watatu katika kila 100 wenye kifafa. Waulizeni walezi kama yeye ni miongoni mwao, na kama siye, msimwondolee raha ya ukumbi. Mpwa mmoja awe karibu naye bila ya kumganda.

Kisha mpeni nafasi ya mjomba. Nimeona familia zikimleta mgonjwa wao arusini na kumweka chumba cha ndani na sahani ya pilau, mlango umerudishwa, na yeye akisikiliza ngoma kupitia ukutani. Kaka yako avishwe kanzu na kofia, akae barzani pamoja na wazee wanaompokea bwana arusi, na atambulishwe kwa jina lake na kwa ujomba wake. Akianguka, wapwa zake watafanya kama nilivyoeleza katika jibu la kwanza, na baada ya kupumzika atarudi kwenye kiti chake, ambacho msimpe mtu mwingine.

Nyumba za matunzo zinasaidia familia zilizoelemewa, na sina neno la lawama kwenu kwa kumpeleka. Lakini mwekeni katika hesabu ya sikukuu. Idi mosi apate mkono wa Idi kutoka kwenu, na simu za kumtakia heri zipigwe kwake yeye, zisiishie kwa mkuu wa nyumba.

SWALI: Karibu na kwetu imefunguliwa nyumba ya matunzo, na baadhi ya wakaazi wake huanguka. Wanachota maji kisima kimoja na watoto wetu. Je, povu lao haliambukizi? Na shehia ina haki ya kukataa? — Jirani, Pemba

JIBU: Haliambukizi. Povu lile ni mate ya kawaida yaliyochanganyika na hewa, kwa sababu mtu hawezi kumeza wakati misuli yake imekaza. Kifafa hakihami kwa mate, kwa chombo cha kulia, kwa kulala pamoja wala kwa maji ya kisima. Naomba uwaeleze hivyo na watoto, maana wao wakiambiwa wakimbie, watakimbia hadi ukubwani.

Ama haki ya kukataa, haipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika kifungu cha 19 haki ya kuishi katika jamii kwa khiari sawa na wengine, na Zanzibar ilikwisha kutunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Sheha wenu anaweza kuitisha kikao kimoja pamoja na walezi wa nyumba hiyo, na ninapendekeza kifanyike uani kwao, ili majirani waingie waone.

Hapo kisimani pana hatari moja ya kweli, nayo inawahusu wao zaidi kuliko watoto wenu. Kama kisima hakina ukuta wa kufika kiunoni, jengeni, na hadi hapo mwenye kifafa asiiname juu yake kuvuta ndoo. Watoto wakubwa wamvutie yeye maji, naye, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye nguvu zake, awabebee madumu yao hadi mlangoni.